Bi Mafundo na Pumzi ya Mwashi

Dukani kwa Bi Mafundo hukuti chupa iliyobandikwa karatasi. Chupa zake zote ni za kioo, za aina moja, zilikuwa za jamu kabla hazijafika mikononi mwake, na ndani mna unga wa majani. Sasa unga wa majani ni unga wa majani. Kijani kwa kijani. Hata mwenye macho ya mwewe hawezi kuapa kwamba huu ni mlonge na ule ni mwarobaini mpaka autie ulimini, na akishautia ulimini amekwisha chelewa. Lakini shingoni mwa kila chupa pana kamba, na kwenye kamba pana mafundo. Fundo moja, tumbo. Mawili, kikohozi. Matatu, ngozi inayowasha. Yanakwenda hivyo mpaka tisa, na chupa ya tisa haiuzwi kwa mtu asiyejulikana anakolala.

Miaka arobaini na moja amekaa nyuma ya meza ile. Mteja anasema shida yake, Bi Mafundo ananyoosha mkono nyuma bila kugeuza shingo, vidole vinapapasa kamba, na chupa inayotoka ndiyo yenyewe. Hajawahi kumpa mtu wa tumbo dawa ya ngozi. Muulize yeyote mtaani. Wapo wauzaji waliosoma, wenye karatasi za rangi na picha za majani, na yaliyowakuta wengine wao tunayajua.

Shule alikwenda mwaka mmoja na nusu. Namba alitoka nazo; herufi zilibaki kule kule. Ukimwonea huruma kwa hilo anakwambia duka limefungwa, hata kama ni saa tatu asubuhi.

Na jambo jingine la kumsifu, kwa kuwa wengi hawalijui: anajua mpaka wa majani yake. Mtu akija na mtoto anayehema kama mbwa wa mchana, Bi Mafundo hafungui chupa. Anasimama, anamwonyesha kwa kidole barabara ya hospitali. "Hapa umepotea njia. Mimi si mganga, ni muuza majani. Kimbia." Ndiyo maana manesi wenyewe hununua kwake tangawizi na mchaichai, na hawaoni haya kuonekana.

Mumewe watu wamemwita Mwashi maisha yake yote, kwa kazi yake. Miaka thelathini na nane alikata mawe na kukoroga saruji, akajenga nusu ya nyumba za mtaa huu na ukuta wa shule, na siku zote pua wazi, kwa sababu enzi zake kijana akijifunga kitambaa puani wenzake walimwita bibi harusi. Vumbi likaingia, likapata pa kukaa, likakaa. Alipoanza kukohoa mkewe alimpa chupa ya mafundo mawili. Mwezi wa pili akamnyima.

"Mbona unaninyima, bibie? Wageni unawauzia."

"Hiki si kikohozi changu," akamwambia. "Vaa viatu."

Akamshika mkono mpaka hospitali, mchana kweupe, akipita mbele ya duka lake mwenyewe. Watu wakacheka. "Mganga hajigangi!" akapiga kelele mmoja. Bi Mafundo hakugeuka. Mwashi alilazwa wiki tatu.

Daktari akasema mapafu yameshika makovu na makovu hayo hayafutiki, lakini mtu anaweza kuishi nayo miaka, nyumbani kwake, akipewa mashine ya oksijeni ya kumsaidia pumzi. Hospitali inazo za kuazima. Sharti moja: awepo mtu wa kuiangalia mashine, anayeeleweka.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Walikuwa wanne kwenye ukumbi wa wodi. Fundi wa mashine, mwanamume mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni. Nesi wa majumbani, yule anayezunguka kuwatazama wagonjwa makwao, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya kutembea. Bi Mafundo. Na binti yake mkubwa, anayefanya kazi ofisini katika mji mwingine, safari ya saa tano, aliyekuja na mpango wake tayari kichwani.

"Nani atakaa na mgonjwa?" fundi akauliza.

"Mimi," akasema Bi Mafundo.

"Basi soma hapa, halafu utie sahihi."

"Mama hajui kusoma," binti akasema kwa sauti ndogo, ile sauti ndogo inayosikika mpaka mwisho wa ukumbi.

"Hajui kusoma," mama yake akasema, "lakini masikio anayo. Nisomee, baba."

Fundi akasoma karatasi yote, mambo kumi na moja, haraka haraka kama mtu anayetaja vituo. Bi Mafundo alikuwa ameshika kamba ndani ya mkoba wake, na mkono huo haukutulia.

"Umeelewa, bibi?"

"Nimeelewa."

"Unaweza kurudia?"

"Kwani umeshasahau?"

Nesi akainua faili usoni. Bi Mafundo akarudia, macho yake yamemkazia fundi. "Mashine isimame shibiri mbili kutoka ukutani, ipate hewa. Isifunikwe nguo. Moto usiingie chumbani ilipo, wala sigara, wala mshumaa, wala ubani. Puani asipakwe mafuta, hata yawe yamepikwa na nani. Maji ya kichupa cha kulainisha hewa yawe yamechemshwa yakapoa, na yabadilishwe kila siku. Kigololi kinachopima hewa kikae kwenye mbili, kisipandishwe kwa huruma ya mtu. Sponji ya nyuma inayochuja hewa ioshwe kila siku ya saba. Mtungi wa oksijeni ya akiba usimame umefungwa mnyororo, usianguke. Taa ya kijani ni salama, ya njano ni simu, nyekundu ni mtungi. Hayo ni tisa. La kumi umesema mrija usikunjwe, la kumi na moja umesema mrija usikanyagwe. Hilo ni jambo moja, umelihesabu mara mbili."

Fundi akaitazama karatasi yake. Akaitazama tena.

"Si suala la kukariri, Mama," binti akasema. "Baba anahitaji kuandikiwa namba zake asubuhi, mchana, jioni. Wewe kalamu huijui. Kwangu kuna chumba, nimekipaka rangi, kuna msichana wa kazi aliyemaliza kidato cha nne. Aje akae kwangu."

"Kwa muda gani?"

Muda ulieleweka bila kutajwa. Mtu wa miaka sabini na mbili mwenye mrija puani hapandishwi gari saa tano kwenda na saa tano kurudi. Akienda, amekwenda. Mwashi alikuwa amelala kitanda cha pili kutoka mlangoni, mlango uko wazi, na alikuwa anatazama dari kama mtu anayekagua lipu.

Nesi akakata shauri. "Tufanye wiki moja ya majaribio. Leo Jumatatu anakwenda nyumbani kwake. Jumatatu ijayo nakuja. Nikiridhika anabaki; nisiporidhika anakwenda kwa binti yako, mama, na hutanigombeza. Kipimo hiki mnamvika kidoleni mara tatu kwa siku. Namba ya juu ndiyo ya oksijeni. Ikiwa tisini na kitu, mshukuru Mungu. Ikishuka chini ya themanini na nane, mweke kwenye mtungi na unipigie simu saa hiyo hiyo. Usisubiri kuona."

"Mimi si mtu wa kusubiri kuona," akasema Bi Mafundo.

Nyumba yao ina vyumba vitatu vilivyofuatana kama mabehewa. Mbele duka. Katikati chumba cha kazi, ambako majani huanikwa kwenye kamba na ambako kinu kimesimama tangu nyumba ina sakafu ya udongo. Nyuma chumba cha kulala. Soketi ya umeme inayoaminika ni moja tu, ya chumba cha katikati. Fundi wa mashine alikuja nayo mwenyewe, akaikagua nyumba kwa haki.

"Hapa hapapikwi?"

"Jiko liko uani."

"Hakuna mafuta? Hakuna ubani?"

"Umeona?"

Akaiweka mashine katikati, shibiri mbili kutoka ukutani, akauvuta mrija mrefu mpaka kitandani. Kinu kilikuwa pembeni kimefunikwa gunia, maana wiki tatu hapakuwa na wa kukigusa. Fundi aliuliza habari za moto na mafuta. Habari za mchi hakuuliza, na nani angeuliza?

Mashine ikaanza kunguruma, tena kwa kuvuta na kupumua, kama paka mnene. Mwashi akasikiliza. "Huyu atalala na sisi kila siku?"

"Huyu halali," mkewe akamjibu. "Ndiyo kazi yake."

Daftari alilonunuliwa na binti yake, Bi Mafundo aliliweka juu ya kabati, zuri, jipya, na likabaki jipya. Yeye alichukua kamba. Kila namba aliihesabu kutoka themanini kwenda juu: kumi ni donge moja kubwa, na mojamoja ni vifundo vidogo. Tisini na mbili ikawa donge na vifundo viwili. Kati ya kipimo na kipimo aliacha nafasi ya kidole. Kati ya siku na siku alifunga uzi mwekundu. Jumatatu jioni, tisini na mbili. Binti alikuwa anapiga simu kila baada ya kipimo kumuuliza baba yake, si mama yake, na Bi Mafundo alisikia, akaendelea na mafundo yake.

Jumanne akafungua duka. Wateja wa wiki tatu walikuwa wamejaa kama maji nyuma ya mlango, na chupa za mafundo mawili na moja zilikuwa zimebaki mavumbi chini. Baada ya chai akakifunua kinu, akatwanga mpaka adhuhuri. Mikono ilikuwa imekitamani kinu. Puu, puu, puu, na Mwashi kule kitandani akasema, "Sasa ndiyo nimerudi nyumbani." Mchana kipimo kikasema tisini na moja. Jumatano akatwanga tena. Mchana, tisini. Alhamisi alikwenda kununua majani mabichi, kwa hiyo hakutwanga: tisini asubuhi, tisini mchana, tisini jioni. Ijumaa ilikuwa zamu ya mlonge, debe zima, kwa mwenye kuuza chai njia panda. Akatwanga, akachekecha, akatwanga makapi.

Adhuhuri alipoinua kichwa, taa ya mashine ilikuwa ya njano.

Alikwenda chumbani akiwa na mchi mkononi. Mwashi alikuwa ameketi, viganja magotini, midomo imepauka. Kipimo: themanini na sita.

Sasa uelewe hapa. Mwanamke huyu alijua kwamba akipiga ile simu amejipeleka mwenyewe hukumuni. Siku ya tano tu, na mgonjwa ameshuka. Angeweza kungoja nusu saa, pengine ingepanda. Hakungoja hata kidogo. Aliuchukua mrija, akauhamishia kwenye mtungi, akafungua kwa ufunguo wake kama alivyoonyeshwa mara moja tu, akasikia hewa ikilia, akaweka kwenye mbili, ndipo akapiga simu.

"Themanini na sita. Yuko kwenye mtungi. Njoo."

"Nakuja," nesi akasema. "Nina nyumba moja mbele yako. Usimtoe kwenye mtungi, na usimwache peke yake."

Hakuwa peke yake kwa muda mrefu, maana binti, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini aje akae nao mpaka Jumatatu, aliingia na begi lake dakika ile ile. Aliona mtungi, aliona midomo ya baba yake.

"Nilisema! Nilisema, Mama! Leo hii anaondoka."

"Punguza sauti, duka lina watu."

"Duka! Baba anakata pumzi, wewe unawaza duka!"

"Ninawaza sauti yako. Baba yako ana mapafu mabovu, masikio ni mazima."

"Mwacheni mama yenu," Mwashi akasema, na alikuwa na mtoto mmoja tu pale, ila alipokasirika aliwahesabu wote. Kisha akanyoosha kidole kwa kipimo. Baada ya dakika kumi na kitu, kipimo kilisema tisini na mbili.

Binti akakaa kitandani, akashika uso. Bi Mafundo hakukaa. Alisimama akitazama ile tisini na mbili kama anayeonyeshwa noti mpya asiyoiamini.

"Mapafu ni yale yale," akasema taratibu. "Mtu ni yule yule. Nimebadilisha chupa tu, na amepanda. Basi ugonjwa hauko kwake. Uko kwenye mashine."

"Basi mashine yao mbovu, vilevile anaondoka."

"Nyamaza kidogo, mwanangu."

Aliivuta kamba ya wiki kutoka msumarini, akafumba macho, akaipitisha vidoleni tangu mwanzo. Donge na viwili. Donge na viwili, donge na kimoja, donge na kimoja. Aliipitisha tena polepole. Ugonjwa, akawaza, hauchagui saa. Ugonjwa hula usiku, hula alfajiri. Lakini huu wa kwenye kamba haukula usiku hata mara moja. Asubuhi namba ilikuwa pale pale ilipolala. Kila iliposhuka, ilishuka kati ya chai na adhuhuri. Na Alhamisi haikushuka kabisa.

Alhamisi hakutwanga.

Vidole vikasimama. Kisha akatoka kwenda chumba cha katikati, binti nyuma yake. Akaizima mashine, akachomoa waya, akapiga magoti nyuma yake na kuvuta ile sponji inayochuja hewa. Siku ya Jumatatu ilikuwa nyeusi. Sasa ilikuwa ya kijani, imeganda kama mkate uliomwagiwa mboga, na ilinuka mwarobaini na mlonge. Siku nne mashine ilikuwa inavuta hewa ya chumba kile, na hewa ya chumba kile ilikuwa unga wake yeye.

Hakuna nyumba nyingine mjini ambayo ingeweza kufanya kosa lile. Siku ya saba ya kuosha sponji waliipanga watu wasiotwanga, kwa ajili ya watu wasiotwanga, na yeye aliishika kama ilivyosemwa, neno kwa neno, akajivunia kuishika.

"Mimi ndiye niliyemziba," akasema.

Binti akainama naye, akaitazama sponji.

Mwashi alikuwa ameshaona kutoka kitandani, kupitia mlango. "Ioshe," akasema kwa sauti ya chini. "Ioshe upesi, bibie. Nesi yuko njiani. Akikuta imeoshwa, na taa ni ya kijani, nani atajua? Nani atasema? Huyu binti yangu hatasema."

"Sitasema," binti akasema, na hata yeye alijishangaa.

"Sitaki kwenda kufia kwenye chumba cha rangi," Mwashi akaongeza. "Samehe, mwanangu. Rangi gani umepaka?"

"Samawati."

"Samawati," Mwashi akasema, na akatikisa kichwa kama fundi aliyeonyeshwa kazi ya mwenzake.

Bi Mafundo alisimama na sponji mkononi. Bomba la maji lilikuwa hatua sita kutoka pale. Naye hakutaka mumewe aondoke. Miaka arobaini na sita ya ndoa si shati la kuvua. Lakini alisema, "Mwaka ule chupa nzima ya kikohozi ilipoota ukungu, niliimwaga wapi?"

Mwashi akaurekebisha mrija wake puani.

"Niliimwaga wapi, mzee?"

"Barabarani. Mbele ya wateja."

"Basi."

Akachukua sahani nyeupe, ile ya wageni, akaiweka sponji juu yake kama ilivyo, akaiweka sahani mezani mahali ambapo mtu akiingia haikosi. Kisha akatoka mlango wa mbele na kumwita jirani yake fundi viatu, ambaye uwanja wake uko ng'ambo ya barabara na upepo wake unakwenda upande mwingine.

"Nataka kona ya uwanja wako. Kinu kinahama."

"Kinu?" Fundi viatu aliacha sindano ndani ya ngozi. "Kile? Si kimeota mizizi?"

"Leo kimeng'oka. Njoo unisaidie kuvingirisha, na usinichekeshe, nina haraka."

Nesi alipofika alikuta vumbi la barabara, watu wamesimama, na kinu cha miaka arobaini kinavingirika kama pipa, mwenye kinu nyuma yake khanga imekazwa kiunoni. Hakuuliza. Aliingia ndani moja kwa moja kwa mgonjwa, akamsikiliza kifua, akatazama kucha zake, akatazama mtungi. Alipotoka chumbani, Bi Mafundo alikuwa amesimama kando ya meza, unga kwenye nyusi.

"Hiyo ndiyo iliyomshusha," akasema, akaonyesha sahani. "Natwanga chumba hiki hiki. Mashine ilikuwa inakula unga wangu tangu Jumanne. Hakuniuliza mtu, wala sikumwambia mtu kwamba natwanga. Kosa ni langu, si la mashine."

Nesi akaiinua sponji kwa vidole viwili, akainusa, akaguna. "Umejuaje?"

"Kamba imeniambia."

Nesi akaitazama kamba kama watu wote wanavyoitazama mara ya kwanza, yaani bila kuona kitu. Basi Bi Mafundo akaisoma. Alifumba macho na kuisoma kwa vidole, siku na saa, namba moja baada ya nyingine. Alipofika Jumatano akasikia sauti nyingine pembeni. Binti alikuwa ametoa simu yake, ambamo alikuwa ameandika kila namba aliyoambiwa na baba yake, na alikuwa anasoma pamoja na mama yake.

"Jumatano mchana," akasema Bi Mafundo.

"Tisini," akasema binti.

"Tisini. Jioni."

"Tisini."

"Tisini. Alhamisi asubuhi."

"Tisini, Mama."

Wakaenda hivyo mpaka themanini na sita ya leo. Hapakuwa na hata moja iliyopishana. Mwashi kule kitandani akapiga kofi moja la paja, la mtu aliyetia karata ya mwisho.

Nesi alikaa kitini, akavua viatu, jambo ambalo baadaye fundi viatu alilieleza kwa kila aliyepita, kwamba nesi wa serikali amevua viatu nyumbani kwa Bi Mafundo. "Kazi hii nina mwaka wa nane," nesi akasema. "Sponji hizi nimezikuta na manyoya ya paka, na unga wa ngano, na moja imetobolewa na panya. Kila nyumba huniambia, 'Hatujui imekuwaje.' Nyumba zote. Wenye vyeti ukutani ndio kabisa, hawajui imekuwaje." Akafungua mkoba wake, akatoa sponji mpya. "Ungeiosha kabla sijafika nisingejua."

"Ningejua mimi."

"Sawa. Sasa sikiliza masharti. Hapa ndani hapatwangwi tena, wala hapachekechwi."

"Kinu umekiona kilipo."

"Majani yasianikwe chumba hiki."

"Yatakwenda uani."

"Na sponji utaiosha kila siku."

"Kila siku? Kinu kimeshatoka. Kila siku ya tatu inatosha."

"Kila siku, mama."

"Ya pili."

"Mama!" nesi akasema.

"Haya, kila siku. Lakini usinirudie, nimeshasikia."

Nesi akaitia sponji mpya, akaiwasha mashine, wakamrudisha Mwashi kwenye mrija wake, wakangoja. Taa ilikuwa ya kijani. Kipimo kikapanda, kikakaa tisini na mbili, na nesi aliendelea kungoja robo saa nzima juu yake, kwa sababu naye ni mtu wa kazi yake. Ndipo akatoa fomu iliyokuwa ya Jumatatu.

"Sitakuja Jumatatu," akasema. "Nitakuja mwisho wa mwezi, kama kwa watu wengine. Mgonjwa anabaki kwake."

Akaandika, akageuza karatasi, akamwonyesha pa kuweka dole gumba. Bi Mafundo akamwomba kalamu. Aliishika kama mtu anayeshika mwiba wa samaki, akaandika tarehe, namba zote, kubwa, zimenyooka, zikapita nje ya kisanduku. "Hizo nazijua," akasema. Kisha chini yake, kwa hiari yake, akabandika dole.

Mwashi akataka kutoka nje. Mrija uligundulika kuwa unafika mpaka kizingiti cha duka na nusu hatua zaidi, basi kiti chake kikawekwa pale, nusu ndani nusu barabarani. Watu waliokuwa wamesimama kwa ajili ya kinu wakabaki kwa ajili yake. Wakamsalimia, akawaitikia mmoja mmoja, na yule aliyewahi kupiga kelele kuhusu mganga alipopita, Mwashi akamwita kwa jina la baba yake na kumuuliza kama ule ufa wa ukuta wake ameuziba au bado anaufunika kwa kalenda.

Binti alikwenda kusimama barazani na simu sikioni. Mumewe alikuwa anauliza gari lije saa ngapi kumchukua mzee.

"Usije," alisikika akisema. "Haji. Anabaki kwake... Ndiyo, nesi amesema... Nani atamwangalia? Mama."

Akasikiliza kidogo.

"Mama yangu, ndiyo. Mimi mwenyewe nisingeweza. Nakwambia nisingeweza."

Bi Mafundo alikuwa hatua mbili kutoka pale, anampimia mteja tangawizi. Alisikia kila neno. Alifunga karatasi ya tangawizi, akaikunja mara mbili zaidi ya ilivyohitaji, ndipo akageuza kichwa.

"Wewe," akamwambia binti yake, "toka hapo mlangoni na simu yako. Unamzibia baba yako upepo."